Moyo Wenye Kovu Unaweza Kupenda?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunataka kuongea juu ya vitabu vya mapenzi. Tunajua kuna wazazi watakaoshtuka na kusema, "Eti walimu wameacha hesabu, sasa wanafundisha watoto mapenzi?" Subirini kidogo. Someni mpaka mwisho, halafu mtahukumu.

Ukweli ni kwamba vijana wetu wanavisoma vitabu hivi. Kitabu kimoja kinapita mikono ishirini hadi jalada linatoka. Anayejua Kiingereza anawasimulia wasiojua, hata kwenye foleni ya maji. Basi ni afadhali na sisi wakubwa tujue ndani yake mna nini.

Riwaya za mapenzi za siku hizi, nyingi haziongei juu ya binti mzuri na kijana tajiri tu. Zinaongea juu ya watu walioumia moyoni. Mmoja alipigwa utotoni, mwingine alifiwa na wote, mwingine aliona mambo ambayo mtoto hafai kuyaona. Mwili umepona, lakini ndani bado. Siku anapoanza kumpenda mtu, maumivu ya zamani yanaamka. Wazee walikwisha kusema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hapa kambini hakuna haja ya kufafanua sana jambo hilo. Kila mtu ana kijiji alichokiacha na usiku asioupenda kuukumbuka. Ndiyo maana vitabu vilivyoandikwa mbali sana vinatugusa. Tumechagua viwili tuvieleze.

LILY NA DAKTARI

Kitabu cha kwanza kinaitwa It Ends with Us, maana yake "yanaishia kwetu sisi". Kimeandikwa na mama mmoja wa Texas, Marekani, Colleen Hoover, ambaye kabla ya uandishi alifanya kazi ya ustawi wa jamii. Kilitoka mwaka 2016, na mwaka 2024 kikatengenezewa filamu. Mwandishi mwenyewe amesema chanzo cha hadithi ni mama yake mzazi, aliyemwacha mume aliyekuwa anampiga.

Lily amekua akiona baba yake akimpiga mama yake. Nje baba huyo ni mtu wa kuheshimika, ndani ya nyumba ni moto. Alipokuwa msichana, Lily alimsaidia kijana aitwaye Atlas ambaye hakuwa na kwao, alilala katika nyumba tupu. Akampa chakula na nguo. Wakapendana, kisha maisha yakawatenganisha.

Lily amekuwa mtu mzima, yuko mji wa Boston, anafungua duka la maua. Anakutana na Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo, kijana mzuri na mcheshi. Wanapendana. Siku moja Ryle anaungua mkono jikoni, Lily anacheka, na Ryle kwa hasira anampiga hadi anaanguka. Anaomba msamaha, analia. Lily anasamehe, kisha wanaoana. Inatokea mara ya pili. Inatokea mara ya tatu, mbaya zaidi.

Sasa sikilizeni hapa. Ryle naye ana jeraha. Alipokuwa mtoto wa miaka sita alichezea bunduki, ikafyatuka, ikamuua kaka yake. Msomaji anamhurumia, na Lily anamhurumia. Lakini kitabu hakisemi kwamba kwa sababu aliumia, basi ana ruhusa ya kuumiza. Lily anajifungua mtoto wa kike. Hapo anamuuliza Ryle: siku binti huyu akija kukuambia kwamba mume wake anampiga, utamshauri nini? Ryle mwenyewe anajua jibu. Lily anaomba talaka, ili mtoto asione yale aliyoyaona yeye. Ndiyo maana ya jina la kitabu.

Tuliposimulia sehemu hii katika darasa la jioni la watu wazima, kulikuwa kimya. Halafu mama mmoja akasema, "Na sisi tunasema hivyo hivyo: ni vita ndiyo ilimharibu, vumilia." Ni kweli, tunasema. Tunawaambia mabinti kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini methali hiyo ni ya mkulima anayengoja matunda, si ya mtu anayengoja kupigwa tena. Vita ilituumiza wote, wanaume kwa wanawake. Inaweza kueleza hasira ilitoka wapi. Haiwezi kuifanya ngumi iwe halali.

ELEANOR NA RAYMOND

Kitabu cha pili ni Eleanor Oliphant Is Completely Fine cha Gail Honeyman wa Scotland. Kilitoka mwaka 2017 na kikapata tuzo ya Costa ya riwaya ya kwanza. Jina lake ni kama mtu anayejibu "mimi mzima kabisa" wakati si mzima.

Eleanor anafanya kazi ya mahesabu katika ofisi, mji wa Glasgow. Ana kovu usoni, la moto wa utotoni. Kazini wanamcheka. Ijumaa jioni ananunua pombe kali, anajifungia, na mpaka Jumatatu hajaongea na mtu. Anajidanganya kwamba anampenda mwanamuziki mmoja ambaye hata hamfahamu.

Raymond ni fundi wa kompyuta wa ofisini, mtu wa kawaida, nguo zake hazipendezi. Siku moja wao wawili wanamkuta mzee ameanguka njiani, wanamsaidia. Kuanzia hapo wanazoeana: chai, chakula cha mchana, kumtembelea mama yake Raymond. Eleanor anapovunjika moyo kabisa na kutaka kuyakatisha maisha yake, ni Raymond anayekuja kugonga mlango. Anasafisha nyumba, anampikia supu, anamhimiza aende kwa daktari. Daktari anampeleka kwa mshauri. Pole pole, wiki kwa wiki, Eleanor anasema yale ambayo hakuwahi kuyasema juu ya moto ule na juu ya mama yake.

Vijana wengi waliuliza, "Sasa wanaoana lini?" Kitabu kinaisha bila harusi! Wengine walikasirika. Lakini dada mmoja akasema amekipenda kwa sababu hiyo hiyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na urafiki wa namna hiyo tayari ni mapenzi makubwa.

MAPENZI SI DAWA PEKE YAKE

Si riwaya zote ziko hivi. Nyingine zinadanganya. Zinaonyesha msichana akimpenda mwanamume mkali mpaka mwanamume anageuka kuwa mwana-kondoo. Msichana wa miaka kumi na sita akisoma hayo anaweza kufikiri kwamba kazi yake ni kumponya mtu kwa kuvumilia matusi. Vijana, tafadhali, msome kwa macho mawili.

Wapo pia wanaosema haya ni mambo ya wazungu. Hapana. Marehemu Euphrase Kezilahabi wa Tanzania aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, kwa Kiswahili chetu hiki. Rosa, msichana wa Ukerewe, anapigwa vibaya na baba yake kwa sababu ya barua ya kijana. Anakua bila kujua kupenda wala kupendwa vizuri, na anapotaka kuanza upya, mchumba anamkataa kwa ajili ya yaliyopita. Mwisho wake ni wa huzuni sana. Eleanor alipata mtu wa kugonga mlango. Rosa alipata wa kumhukumu. Tofauti hiyo inatuhusu sisi majirani.

Kwa hiyo tunawaombea familia mambo matatu. La kwanza: mtu akianza kusimulia yaliyompata, tusimkatize kwa kusema "wote tuliteseka". Ni kweli wote tuliteseka, lakini kila mmoja ana jeraha lake. La pili: mficha maradhi kifo humuumbua. Asiyelala usiku, anayekunywa kila siku, anayempiga mke au watoto, asifichwe kwa aibu. Aongozwe kwa mshauri au kwenye zahanati mapema. Anayepigwa naye atafutiwe kwanza mahali pa usalama. La tatu: mjane, binti aliyetendwa ubaya vitani, kijana aliyelazimishwa kubeba bunduki, tusiwaambie kwamba hawafai tena kuolewa au kuoa. Kovu ni alama kwamba mtu alipona.

Wazazi, jioni ya leo baada ya chakula muulizeni mtoto wenu anasoma nini, na mwambieni awasimulie. Kisha muulizaneni: je, Lily alifanya vema kuondoka? Na Raymond wa nyumba yenu ni nani?

Darasa la jioni linaendelea kama kawaida, na asiyejua kusoma anakaribishwa vilevile, kwa sababu tunasoma kwa sauti na kueleza kwa Kiswahili. Akina baba, njooni na ninyi, viti vipo. Tunawatakia mwezi mwema wenye amani nyumbani.