Ziwa Babati kama Somo la Utafiti

Waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 wataja shule miongoni mwa mahali pa malezi ya mazingira. Mtoto wa Singe anayejifunza Kiingereza hana haja ya kuanzia mbali: Ziwa Babati lilifurika mwaka 1990, maji yakaingia mjini. Awaulize wazee yalifika wapi, kwa lugha yao, ndipo aandike kwa Kiingereza. Hapo atagundua kwamba “niliona” na “niliambiwa” ni sentensi mbili tofauti, na utafiti wote husimama juu ya tofauti hiyo. Wazee wawili wakipingana, mwalimu asiharakishe kuamua. Amtume kwa wa tatu. Sarufi itasahihishwa baadaye. Jibu lililonakiliwa kwa jirani, hata likiwa na sarufi safi, halikumfundisha kuuliza.