PIA ZA UDONGO ZITUNZAZO MAJINA YA WAKUBWA WA MISRI

Ng'ambo ya magharibi ya mto Nili, kuukabili mji wa Luxor katika nchi ya Misri, kuna vilima vikavu ambamo wakubwa wa zamani walichongewa makaburi yao. Mji huo hapo kale uliitwa Thebes. Katika mchanga wa vilima hivyo huokotwa vitu vya udongo vyenye umbo la pia wachezayo watoto: upande mmoja umechongoka, na upande wa pili ni bapa wa mviringo. Juu ya uso huo bapa mna maandishi.

Msomaji atauliza, "Vilikuwa na kazi gani?" Mfinyanzi aliifinyanga pia, akaupiga uso wake muhuri wakati udongo ulipokuwa mbichi, kisha akaichoma moto. Muhuri mmoja ulipigwa juu ya pia nyingi. Pia hizo zilipangwa safu safu juu ya mlango wa kaburi, ncha ikizama ukutani na uso ukitazama nje. Wataalamu hawakuafikiana juu ya maana yake: wengine husema ni mfano wa mikate ya sadaka, wengine ncha za boriti za dari, na wengine mfano wa jua.

Pia za kwanza, za yapata miaka 2,000 kabla ya Kristo, hazikuwa na maandishi. Zenye maandishi zilienea tangu yapata mwaka 1500 kabla ya Kristo. Humo husomwa jina la marehemu na kazi yake, mara nyingi pamoja na neno la kwamba ni mtu mwenye heshima mbele ya Osiris, mungu wao wa wafu. Mmoja wao ni Merymose, liwali wa nchi ya Kush, upande wa Sudani, zamani za Firauni Amenhotep III.

Wamisri waliamini ya kuwa mtu ambaye jina lake hutajwa hajapotea. Mwaka 1957 kilichapishwa Oxford kitabu cha Davies na Macadam chenye mihuri 611 mbalimbali. Humo wamo watu wengi ambao makaburi yao hayajaonekana hata leo. Pengine pia hizo ndizo ushahidi pekee kwamba waliishi. Tena, uso mmoja ukivunjika, mwingine wa muhuri ule ule hutimiza herufi zilizopotea.

Hata hivyo, katika karne ya 19 wachuuzi na wageni walizichukua pia nyingi bila kuandika mahali zilipookotwa. Leo jina husomeka katika jumba la makumbusho, bali kaburi lake halijulikani. Kwa hiyo mtu aonaye kitu cha kale ardhini asikiondoe, bali awaarifu wenye ujuzi. Maana mahali kilipolala ni nusu ya habari zake.