Haki ya mjane isitafutwe katika uvumi wa simu



Katika parokia zetu za Ibanda, Kadutu na Bagira kuna swali linalorudi karibu kila Jumapili baada ya ibada: "Mchungaji, ujumbe huu ni wa kweli?" Mama anatoa simu na kuonyesha maandishi ambayo yamepita katika vikundi vingi vya WhatsApp kabla ya kufika kwake. Mara ni habari ya pansioni ya mume aliyefariki. Mara ni orodha ya msaada kwa waliokimbia vita. Mara ni malipo ya waathirika wa ukatili. Ujumbe unasema nani anastahili, alete karatasi gani, alipe kiasi gani na kabla ya siku gani. Jina la aliyeuandika halimo.

Tunaandika makala haya ili kueleza kwa nini mashauri ya namna hiyo ni hatari, na parokia inaweza kufanya nini mahali pake. Hatumcheki yeyote anayeuliza. Tunajua sababu. Barua za serikali zinakuja kwa Kifaransa, na mama wengi hawakisomi. Nauli ya kushuka mjini ni chakula cha siku moja. Na tangu Februari 2025, vita vilipoufikia mji wetu na benki zikafunga milango, wazee wengi waliozoea kupokea pesa zao mahali fulani walibaki wakiuliza waende wapi. Mtu aliye katika hali hiyo husikiliza sauti ya kwanza inayosema naye kwa lugha yake.

Haki zenyewe ni zipi?

Tuanze na mfanyakazi wa kampuni, kiwanda, shule ya binafsi au shirika. Tangu 1961 nchi yetu ilikuwa na INSS. Sheria ya 15 Julai 2016 ilibadilisha utaratibu huo, na mwaka 2018 INSS ikawa CNSS. Mchango ni asilimia 18 ya mshahara: mwajiri anatoa 13, mfanyakazi anakatwa 5. Ndani ya pesa hizo kuna mafungu matatu: pansioni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia.

Pansioni ya uzeeni inaombwa na mtu aliyetimiza miaka 60, mwanamume au mwanamke, akiwa na miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Aliyefika umri huo bila kutimiza miezi hiyo haondoki mikono mitupu. Sheria inamwekea malipo ya mara moja. Na mfanyakazi akifa, haki haizikwi pamoja naye: mjane na watoto wana fungu lao.

Mtumishi wa serikali ana mlango mwingine. Yeye na warithi wake wanahusika na kasha la watumishi wa serikali, CNSSAP. Kwa hiyo wajane wawili wanaokaa benchi moja kanisani, mmoja wa mwalimu wa shule ya serikali na mwingine wa mfanyakazi wa kiwanda cha bia, wana maofisi mawili na sheria mbili.

Tena, kwa waathirika wa ukatili wa kingono wa wakati wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya ubinadamu, sheria ya 26 Desemba 2022 ilianzisha mfuko unaoitwa FONAREV. Msaada wa chakula au pesa unaotolewa na mashirika kama PAM na HCR ni jambo jingine kabisa, lenye taratibu zake. Ujumbe wa simu huchanganya yote hayo katika sufuria moja na kuyaita "pesa za wajane".

Hatari zilizo ndani ya shauri lisilo na mwenyewe

Hatari ya kwanza ni kwamba shauri linaweza kuwa la kweli, lakini kwa nchi nyingine. Kiswahili chetu kinavuka mipaka kuliko sheria zetu. Chukua mfano huu. Sheria ya Uganda ya 2022 inamruhusu mwanachama wa NSSF aliyetimiza miaka 45, na ambaye amechanga kwa miaka 10, kuchukua mapema hadi asilimia 20 ya akiba yake. Ndugu aliye Kampala akiiandika habari hiyo kwa Kiswahili, hajasema uongo. Lakini baba wa miaka 47 anayeisoma Panzi anaweza kupoteza siku tatu akitafuta asilimia 20 ambayo haipo. Kule kila mtu ana akiba yake kwa jina lake. Huku michango inaingia katika chungu cha wote, na sheria ndiyo inayoamua nani achote, lini na kwa kipimo gani.

Hatari ya pili ni shauri la kweli lililozeeka. Chini ya utaratibu wa zamani mwanamume alingoja hadi miaka 65. Wako wazee wanaoendelea kuwaambia vijana wao hivyo, kwa nia njema, maana ndivyo walivyoambiwa wao. Ujumbe wa simu hauna mvi; wa mwaka jana na wa miaka kumi iliyopita unaonekana sawa.

Hatari ya tatu ni kwamba dosie ya mtu mmoja haifanani na ya mwenzake. Mama mmoja anaandika kikundini: "Mimi nilipeleka karatasi mbili tu, nikapata." Mwenzake anapeleka mbili na kurudishwa. Tofauti huenda ni ndoa. Sheria yetu ya familia inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali, au ya kimila iliyoandikishwa kwake. Ibada ya ndoa kanisani, pamoja na baraka zake zote, haimpi mjane hati ya serikali. Vivyo hivyo kwa mtoto: kuzaliwa kwake kunatakiwa kuandikishwa katika siku 90, na zikipita, njia inapitia mahakamani. Nani kikundini alijua mambo hayo ya nyumba ya mwenzake? Hakuna.

Hatari ya nne ni wezi. Wanapenda mahali penye haraka na haya. Wanaomba "dola kumi za kufungua dosie", picha ya kadi ya uchaguzi, halafu nambari ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tuseme wazi: nafasi katika orodha ya msaada hainunuliwi, na nambari ya siri haihitajiki ili mtu atumiwe pesa. Inahitajika ili zitolewe. Anayeiomba anataka kutoa.

Hatari ya tano inatuuma zaidi sisi wachungaji. Dada aliyetendewa ukatili anaambiwa aandike kisa chake chote, na picha yake, ili "awekwe katika orodha". Anakiandika katika kikundi chenye watu mamia asiowajua. Kuanzia hapo kisa hicho hakirudi tena. Kinaweza kufika kwa wakwe, kwa shule ya watoto wake, hata kwa aliyemtendea. Hakuna malipo yanayodai mtu ajivue nguo mara ya pili mbele ya kijiji kizima. Kisa kama hicho kinasemwa katika chumba kilichofungwa, kwa mtu aliye chini ya wajibu wa kutunza siri.

Mabinti watano mlangoni

Biblia inatupa mfano ambao haufundishwi mara nyingi. Katika Hesabu 27 tunawakuta mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na jina lake lilikuwa karibu kufutika katika urithi. Tunaweza kuwaza maneno yaliyosemwa kambini juu yao: hamna kitu, ndivyo desturi ilivyo. Wao walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani na wakuu, wakaeleza shauri lao kwa mpangilio: baba yetu alikuwa nani, alikufaje, tunaomba nini.

Tumwangalie pia Musa. Alikuwa kiongozi wa taifa, lakini hakujibu papo hapo. Alilipeleka jambo mbele za Bwana, ndipo akarudi na jibu. Mshauri mwema anajulikana kwa neno hilo: "Sijui, ngoja niulize." Katika vikundi vyetu vya simu neno hilo ni adimu.

Habari yao haikuishia hapo. Katika Hesabu 36 wazee wa kabila lao walirudi na hoja, na sharti likaongezwa juu ya ndoa za mabinti hao. Aliyesikia hukumu ya kwanza tu alikuwa na nusu ya sheria. Na katika Yoshua 17, Musa akiwa amekwisha kufa, mabinti walilazimika kwenda tena mbele ya Eleazari na Yoshua, kukumbusha walichoahidiwa, ndipo wakapewa. Haki iliyotamkwa ilihitaji watu wa kuifuatilia.

Kwa hiyo jirani ana kazi gani? Anayo, na ni kubwa. Jirani aliyetangulia anaweza kukuambia ofisi iko barabara gani, ufike saa ngapi, uchukue maji na uvumilivu. Anaweza kukushika mkono. Lakini hawezi kukata neno kama una haki au huna. Neno hilo ni la sheria, na la mtu anayeweka jina na sahihi yake chini ya jibu. Hata jibu "huna kitu" lisiaminiwe kikundini. Wako wazee waliofanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama wakati wa vita vya 1996, au katika mashamba ya chai na kinini. Mzee kama huyo akiambiwa na vijana kwamba michango yake "ilikwisha na vita", naye akachoma karatasi zake za mshahara, amejinyima ushahidi kabla hajauliza.

Parokia ifanye nini?

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili mapema. Katika Matendo 6 wajane fulani walisahauliwa katika mgawanyo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakakabidhiwa kazi hiyo. Huduma ya mashemasi ilizaliwa katika swali la mjane aliyekosa fungu lake.

Tunapendekeza kila parokia ichague shemasi mmoja na mama mmoja wanaosoma Kifaransa na wanaojua kufunga mdomo. Kazi yao iwe hii: kusoma barua pamoja na mwenye barua, kwenda naye ofisini, na kuomba jibu liandikwe. Wasiahidi kitu. Wasipokee pesa ya mtu mkononi mwao.

Mbele ya kila ujumbe waulize maswali matatu. Nani ameandika, na anaweza kupatikana wapi kesho? Unahusu nchi gani, kasha gani na mwaka gani? Unaomba pesa, kadi au nambari ya siri? Ujumbe ukishindwa swali moja, usitumwe kwa mtu mwingine. Anayesambaza "ili kuwasaidia wengine" amekuwa mguu wa uvumi.

Kila nyumba iwe na bahasha moja ya plastiki: hati ya ndoa, hati za kuzaliwa za watoto, hati ya kifo, nambari ya CNSS ya mfanyakazi, mkataba wa kazi, karatasi za mshahara na risiti. Tuliokimbia tunajua kwamba bahasha hubebwa pale godoro linapoachwa. Zipigwe picha pia, na picha zikae kwa ndugu mmoja wa kuaminika, si kikundini. Na kama leo unakuta mlango wa ofisi umefungwa, hiyo si sababu ya kutupa karatasi. Itunze, kisha uulize tena.

Nasi wachungaji, tunapowafundisha vijana wanaotaka kufunga ndoa, tuwatume kwanza kwa afisa wa komuni. Tunapoweka mtoto wakfu, tumuulize mama kama siku 90 zimeangaliwa. Dakika mbili za swali hilo zinaweza kumwokoa mjane miaka ishirini baadaye, siku ambayo sisi wenyewe huenda hatupo tena.

Tunaomba makala haya yasomwe na kuzungumzwa katika vikao vya akina mama, akina baba na mashemasi. Jumapili ijayo mama atakapotoa simu na kuuliza kama ujumbe ni wa kweli, awepo mtu wa kumjibu: "Mama, hatujui. Lete bahasha yako, kesho asubuhi tutakwenda pamoja kuuliza."

Mungu wa wajane na yatima awalinde.