Feni, Vumbi na Njia ya Hewa: Kupoza Kompyuta ya Mezani

Umeme wote unaoingia katika kompyuta ya mezani huishia kuwa joto. Prosesa ikipiga hesabu, kadi ya picha ikichora, diski ikizunguka, wati zilizotumika hazipotei; hugeuka joto ndani ya kasha, na joto hilo halina budi kutoka. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyokwisha kupata joto na kuingiza nyingine kutoka chumbani. Kwa hiyo hakuna feni, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuishusha kompyuta chini ya joto la chumba ilimo, na feni kubwa iliyofungwa mahali pasipo na njia ya hewa haina msaada mkubwa.

Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, jambo hili lina uzito wa pekee. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 31 hadi 33, na chumba kisicho na kiyoyozi, chenye kompyuta kadhaa na mashine ya fotokopi, huwa na joto kuliko nje. Joto la prosesa hufuata la chumba karibu hatua kwa hatua: chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda takriban nyuzi 10. Mashine iliyofikia nyuzi 75 ilipojaribiwa katika chumba chenye nyuzi 22, ikipewa kazi ileile katika duka la steshenari lenye nyuzi 33, itafikia 86 hivi bila kifaa chochote kuharibika. Mtumiaji wa pwani huanza siku akiwa amekwisha kula sehemu ya akiba ya nyuzi zilizobaki kabla ya joto kuzidi, akiba ambayo mwenzake wa nchi ya baridi bado anayo.

Zamani tatizo hili halikuwapo. Prosesa nyingi za Intel 486, aina iliyotoka mwaka 1989, zilifanya kazi bila kuwa na feni zao zenyewe. Pentium ya mwaka 1993 ilitumia wati 15 hivi, na kuanzia hapo feni juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Mwaka 2004 baadhi ya Pentium 4 zilivuka wati 100. Siku hizi Core i9-14900K inaruhusiwa kufika wati 253, na kadi ya picha ya RTX 4090 imepangiwa 450. Kompyuta za ofisi ni pole zaidi: Core i3 na i5 nyingi zimepangiwa wati 65, ingawa kwa muda mfupi zinaweza kupita hapo.

Hata watengenezaji walihitaji muda kujua hewa ipite wapi. Kiwango cha ATX, ambacho makasha mengi bado yanakifuata, kilitolewa na Intel mwaka 1995, na wazo la awali lilikuwa feni ya pawa saplai ivute hewa ya nje na kuipuliza ndani kuelekea prosesa. Hewa hiyo ilifika ikiwa imekwisha kupashwa moto na pawa saplai yenyewe. Mpango huo uliachwa, feni ikageuzwa kutoa hewa nje. Kifaa ni kilekile, ila mwelekeo wa hewa umebadilika.

Joto likizidi, kompyuta ya kisasa haiungui. Prosesa hujilinda: nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen 7000 za AMD nyuzi 95. Zikifika hapo hupunguza kasi zenyewe, na zikishindwa kabisa huzima. Hapo ndipo watu wengi hupotea njia. Kompyuta inakuwa nzito saa nane mchana, asubuhi ilikuwa sawa. Mwenye mali anaambiwa kuna virusi, anawekewa Windows upya, ananunua RAM, na mashine inabaki vilevile. Joto lina madhara mengine ya polepole pia. Kwa kanuni ya mafundi wa elektroniki, kapasita zenye majimaji ndani yake, zilizomo kwenye pawa saplai na mazabodi nyingi, hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima. Programu kama HWiNFO na HWMonitor husoma vipima joto vilivyomo ndani ya mashine, na kwenye Linux kuna lm-sensors. Kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa kompyuta ikiwa imefanya kazi nzito kwa karibu nusu saa, saa ya joto la mchana, huku joto la chumba likiandikwa pembeni. Prosesa inayobaki chini ya nyuzi 80 katika hali hiyo haina neno. Ikicheza kati ya 80 na 90 inavumilika. Ikigonga kikomo na kasi ikaanza kushuka, kuna kazi ya kufanya, na bila namba za mwanzo hakuna atakayejua kama kazi hiyo imezaa chochote.

Hesabu ya hewa yenyewe si ngumu. Ili hewa ibebe wati 300 na yenyewe ipande nyuzi 10 tu, zinahitajika takriban lita 25 kila sekunde. Kompyuta ya ofisi inayotumia wati 100 inahitaji lita 8 hivi. Feni moja nzuri ya milimita 120 huweza kusukuma lita 25 ikiwa wazi mezani, lakini ikifungwa nyuma ya filta, wavu wa chuma na rundo la nyaya, kiasi hicho hupungua sana. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo kila lita inabeba joto pungufu. Ubaridi wa mji huo hufidia pengo hilo, na zaidi.

Njia inayofaa zaidi katika kasha la kusimama, lile ambalo wengi huliita CPU, ni iliyonyooka: hewa iingie mbele upande wa chini, ipite juu ya diski, kadi ya picha na prosesa, itokee nyuma upande wa juu. Kwa kompyuta ya ofisi, feni moja ya kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha. Yenye kadi ya picha ya kuchezea michezo inahitaji mbili au tatu mbele. Mara nyingi watu huongeza feni kila palipo na tundu, na matokeo yake hewa huanza kupambana yenyewe kwa yenyewe. Feni ya juu iliyo karibu na mbele, kwa mfano, hunyakua hewa mbichi iliyoingia sasa hivi na kuitoa kabla haijafika kwenye prosesa. Feni ya nyuma ikigeuzwa kuingiza, hurudisha ndani joto lililotolewa na pawa saplai inchi chache tu kutoka hapo.

Kuna matundu ambayo hakuna anayeyafikiria. Kompyuta iliyotolewa kadi ya zamani na kuachwa bila kibati cha kuziba nafasi yake nyuma, huruhusu feni ya kutoa kuvuta hewa kutoka tundu hilo la jirani badala ya kuivuta kutoka mbele. Hewa inapita sentimita chache na kutoka, feni inavuma kwa bidii, na prosesa haipati kitu. Kibati cha bei ndogo hurekebisha hilo. Vivyo hivyo, baadhi ya kompyuta za ofisi huja na kifuniko cha plastiki kinachoelekeza hewa kati ya feni na hitisinki, yaani kipande cha chuma chenye mapezi kinachoondoa joto la prosesa. Kinapotolewa wakati wa matengenezo na kisirudishwe kwa sababu kinaonekana kama pambo, njia yote ya hewa iliyopangwa na mtengenezaji huvunjika. Kifuniko hicho kitafutwe na kirudishwe.

Kuhusu uwiano wa feni, zinazoingiza zikizidi kidogo zinazotoa, hewa hulazimika kutoka kwenye kila upenyo, na vumbi huingia kupitia filta za mbele pekee. Zinazotoa zikizidi, kila upenyo hugeuka mlango wa vumbi. Tofauti ya joto kati ya mipango hiyo miwili huwa ndogo. Tofauti ya uchafu baada ya miezi sita ni kubwa. Kwa mazingira ya Afrika Mashariki, mpango wa kwanza ndio wa kuchagua.

Feni yenyewe huchaguliwa kwa kipenyo kwanza. Feni ya milimita 120 au 140 husukuma hewa nyingi kwa mzunguko wa taratibu kuliko ya milimita 80 inayopiga kelele. Kasi ikipunguzwa nusu, hewa hupungua nusu, lakini umeme unaotumika hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi. Kwa sababu hiyo feni mbili za taratibu hushinda moja ya haraka. Mahali pa filta au hitisinki yenye mapezi yaliyobanana panahitaji feni iliyoundwa kwa ajili ya kusukuma kwa nguvu, yenye mapanga mapana. Nyuma ya kasha, ambapo hewa inatoka bila kizuizi, ya kawaida inafaa. Beringi nayo ina maana: zile rahisi hukauka mapema, hasa kwenye joto, na feni huanza kukoroma. Zenye mipira ya chuma au za majimaji hudumu zaidi.

Feni nyingi zina mshale kwenye fremu unaoonyesha hewa iendako. Usipokuwapo, hewa huingia upande ambao mapanga yako wazi na kutokea upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Karatasi iliyoshikwa karibu na feni inayozunguka humaliza ubishi. Feni ya nyaya nne hupokea amri ya kasi kutoka mazabodi, na kwenye BIOS inaweza kupangiwa izunguke polepole prosesa ikiwa chini ya nyuzi 50 na kufika kasi kamili kwenye 80. Mnunuzi wa feni kwa ajili ya Dell au HP za ofisini atazame plagi kwanza, kwa sababu baadhi ya mashine hizo zina soketi isiyokubali feni za kawaida.

Njia ya hewa ikiwa safi na prosesa bado inachemka, tatizo huwa kati ya prosesa na hitisinki. Pesti iliyopakwa hapo hujaza vitundu visivyoonekana kwa macho ili joto lisizuiwe na hewa, na baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka. Hufutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha hupakwa mpya kiasi cha punje mbili tatu za choroko katikati; prosesa kubwa zaidi huhitaji zaidi ya hapo kidogo. Hitisinki ifungwe kwa kukaza skrubu kwa zamu, kona moja hadi inayoikabili. Kwa kompyuta iliyokaa miaka mitano bila kufunguliwa, kazi hii peke yake inaweza kushusha joto kuliko feni yoyote mpya.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Kahama na Dodoma ni lile jekundu na la kijivu la barabarani. Pwani hewa ina unyevu na chumvi, na vumbi hugandamana kama blanketi katikati ya mapezi ya hitisinki. Mashine husafishwa ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa, kitufe cha kuwashia kikiwa kimebonyezwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Brashi laini ya rangi na blowa hutosha, kazi ifanyike nje. Feni zishikwe kwa kidole zisizunguke wakati wa kupulizwa, kwani mzunguko wa kupita kiasi huharibu beringi. Pawa saplai isifunguliwe na asiye fundi. Hupulizwa kupitia matundu yake tu, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Mahali pa vumbi jingi, kila miezi mitatu si mara nyingi.

Yaliyo nje ya kasha hugharimu kidogo na hupuuzwa zaidi. Kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kasha huziba matundu ya juu. Meza yenye kabati la kufungwa huifanya mashine ivute tena hewa yake yenyewe. Nyuma ya kasha iachwe nafasi ya sentimita 10 au 15 kutoka ukutani, na chini lisikalie zulia, hasa pale ambapo pawa saplai huvuta hewa kutoka chini. Desturi ya kuondoa ubavu wa kasha na kuelekezea feni ya mezani hushusha joto siku hiyohiyo, lakini hupitisha vumbi lote na mijusi, na huondoa mkondo uliokuwa ukipoza diski. Inafaa kama dawa ya dharura, na kama kipimo: joto likishuka sana ubavu ukitolewa, ni dalili kwamba njia ya hewa ya kasha ndiyo mbovu.

Vipoozaji vya maji navyo humwaga joto lao katika hewa ya chumba, kwa hiyo havikwepi chochote kati ya haya. Kwa wati 65 za ofisini havihitajiki.

Sehemu kubwa ya kompyuta za mezani zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, zimekwisha kutumika ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikiwa na pesti ya kiwandani na vumbi la ofisi zilikotoka. Muuzaji anayejali wateja wake aifungue kila mashine, aipulize, abadilishe pesti na kurudisha vibati na vifuniko kabla ya kuiweka dukani, na mnunuzi naye alisisitize jambo hilo: aombe mashine iendeshwe kwa kazi nzito mbele yake na joto lisomwe kwenye skrini kabla hajatoa fedha.