Burundi: ardhi ile ile, warithi wengi zaidi
Sensa ya mwaka 1979 iliikuta Burundi na watu milioni 4. Ile ya 2008 ilihesabu milioni 8. Katika miaka hiyo 29 nchi haikuongezeka hata shubiri moja: kilomita za mraba 27,834, zikiwemo za maji ya Ziwa Tanganyika.

Msongamano peke yake hauelezi umaskini. Uholanzi ina zaidi ya watu 500 kwa kilomita ya mraba, na ni tajiri. Lakini Waholanzi wamesongamana mijini, kwenye mlango wa mto Rhine, ilipo bandari ya Rotterdam. Burundi, anayeishi mjini ni takriban mmoja kati ya saba. Waliobaki wamesongamana juu ya udongo, na udongo haujengewi ghorofa.

Tuangalie jinsi ardhi inavyogawanyika. Baba mwenye hekta mbili akiwarithisha wana wanne, kila mmoja hupata nusu hekta. Nao wakizaa wana wanne kila mmoja, mjukuu huambulia kipande cha mita 35 kwa 35. Kipande hicho hakipumzishwi kamwe. Malisho hulimwa, ng'ombe hutoweka, samadi nayo hutoweka. Mteremko uliostahili kuachiwa miti hupigwa jembe, na mvua hushusha rutuba bondeni. Mwenye shamba hilo atapanda maharage na mihogo kwanza. Kahawa, iliyoiletea nchi fedha za kigeni kwa miongo mingi, hukosa nafasi. Fedha hizo zikikosekana, mbolea ya viwandani nayo haiagizwi, na mavuno hushuka tena.

Hapo ndipo umbali unapouma. Kutoka Bujumbura hadi bandari ya Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,500 kwa barabara. Gharama ya lori humwangukia mkulima mara mbili: mbolea inapoingia, kahawa inapotoka.

Hata hivyo Rwanda, yenye milima kama hiyo, isiyo na bahari na iliyosongamana zaidi, ina pato la kila mtu zaidi ya mara tatu ya lile la Burundi. Kwa hiyo siasa haikwepi lawama. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliporejea kutoka Tanzania walikuta mashamba yao yana wenyewe wapya, na mzozo wa 2015 kuhusu muhula wa tatu wa rais ulifuatiwa na kukatwa kwa misaada.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti huo huo ulikuta kila mwanamke huzaa, kwa wastani, zaidi ya watoto watano.