Baada ya Kupunguza Utumbo (3): Uchovu huu ulianza lini?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza nani anastahili upasuaji wa kupunguza uzito na namna unavyofanyika. Leo tunamfuata mgonjwa nyumbani. Mshono umekauka, kilo zinashuka kila wiki, lakini mwili hauna nguvu. Akitoka jikoni hadi sebuleni anatweta, akiamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Ndugu wanaanza kuulizana: alikwenda kutibiwa, mbona karudi mgonjwa?

Upasuaji huu, pamoja na huduma ya kuwekewa puto tumboni, hutolewa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Mkazi wa Kikwe, wilayani Arumeru, aliyefanyiwa huko yuko mamia ya kilomita kutoka kwa daktari aliyempasua. Akilegea, wa kwanza kumwona ni shemeji yake au muuza duka la dawa. Nao hushauri walichozoea: apewe sharubati ya kuongeza damu, anywe soda apate nguvu, atundikiwe dripu. Kila ushauri wa hapo unaweza kuwa na faida siku moja na kuwa na madhara siku nyingine. Uchovu wa upasuaji huu una sababu nyingi, na kila sababu ina majira yake. Ndiyo maana kabla ya kutafuta dawa inafaa kuuliza: ulianza lini?

Tukumbushane kwa ufupi. Katika aina ya kwanza ya upasuaji, takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula huondolewa, ukabaki mrija mwembamba mfano wa ndizi. Katika aina ya pili hutengenezwa kifuko cha kama mililita 30, kikaunganishwa na sehemu ya chini zaidi ya utumbo mdogo, hivyo chakula hakipiti tena mwanzo wa utumbo huo. Aina zote mbili hupunguza kiasi cha chakula. Ya pili hupunguza pia uwezo wa kufyonza madini na vitamini, na tofauti hiyo tutaiona mbele.

Wiki mbili za kwanza

Uchovu wa siku hizi ni wa kawaida. Mwili unaponya jeraha, dawa ya usingizi imetoka karibuni, na chakula ni vimiminika tu. Nguvu iliyopo haitoshi kazi mbili kwa pamoja, ya kupona na ya shamba. Madaktari wengi huzuia kunyanyua kitu kinachozidi kilo 5 kwa wiki 4 hadi 6. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, kwa hiyo maji yachotwe na mwingine, na jembe na kuni zisubiri. Hata hivyo, kulala kutwa nzima nako kuna hatari, maana damu huweza kuganda miguuni. Mgonjwa atembee uani dakika chache, apumzike, atembee tena, mara kadhaa kwa siku.

Kuna dalili zisizo za uchovu wa kawaida hata kidogo: mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mtu akiwa ametulia, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka au yanayopanda bega la kushoto, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, choo cheusi kama lami. Huenda mshono wa ndani unavuja, damu inatoka au imeganda. Hapo kusisubiriwe kupambazuke. Kwa mkazi wa Kikwe, Hospitali ya Nkoaranga iko jirani, Mount Meru na ALMC ziko Arusha mjini, na KCMC iko Moshi. Mgonjwa aende na karatasi aliyopewa aliporuhusiwa, ili daktari wa zamu asome alifanyiwa upasuaji gani na lini.

Wiki ya tatu hadi mwezi wa tatu

Hapa ndipo wengi hulalamika zaidi, na mara nyingi vinavyopungua ni maji na protini.

Mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji huu anatakiwa afikishe lita 1.5 hadi 2 za maji kwa siku, lakini hawezi tena kunywa glasi nzima kwa mkupuo. Anywe kidogo kidogo kutwa, asinywe pamoja na chakula, na baada ya kula asubiri kama nusu saa. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea na akiinuka anaona giza, maji hayatoshi. Wanaoishi chini ya Mlima Meru wana jambo la ziada: maji mengi ya huku yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na kuyachemsha huua vijidudu bila kuiondoa floraidi. Chanzo kilichopimwa ni bora.

Protini ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Desturi yetu ya kumpa mgonjwa uji inakwama hapa. Uji mwepesi huteremka vizuri, hujaza kile kifuko, na hauachi protini ya maana. Mtori wa ndizi peke yake ni vivyo hivyo. Loshoro ina maziwa mgando, nayo ni heri, lakini wanga wake huchukua nafasi kubwa. Ukifika wakati wa vyakula laini, hesabu iwe hivi: mayai 2 yana kama gramu 12, glasi 2 za maziwa au mtindi gramu 16, samaki au kuku wa gramu 100 kama gramu 25, na nusu kikombe cha maharage yaliyopondwa gramu 7. Jumla ni 60, na hakuna chakula cha kuagiza mbali. Dagaa wa sokoni Tengeru wakikaangwa bila mafuta na kusagwa huongezwa katika mtori huohuo ukawa chakula kamili. Protini iliwe kwanza, wanga ufuate kama nafasi imebaki. Makande yasubiri, kwani maganda yake ni magumu kwa mfuko mchanga.

Aliyekuwa akimeza dawa za presha au kisukari achunguzwe mapema. Uzito ukishuka, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno, ikateremsha presha au sukari hadi mtu akaanguka. Kupunguza ni kazi ya daktari, si ya mgonjwa.

Jambo la hatari kuliko yote katika kipindi hiki ni kutapika kusikokoma. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache tu. Ikiisha, mtu huyumba akitembea, huona vitu viwiliviwili, huchanganyikiwa, na asipotibiwa haraka ubongo huweza kuharibika moja kwa moja. Huyu akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa glukosi huimaliza akiba iliyosalia. Ndugu anayemsindikiza aseme mapema: “Amepunguzwa utumbo, na anatapika kwa siku kadhaa.” Sentensi hiyo inaweza kumwokoa.

Mwezi wa tatu hadi wa sita

Uzito unaposhuka kwa kasi, yanayoondoka si mafuta peke yake, misuli nayo huondoka. Mtu akihisi mapaja hayana nguvu anapoinuka kwenye kigoda, anahitaji protini na mazoezi. Kuketi na kusimama mara kumi asubuhi na jioni ni mwanzo mzuri. Nywele hupukutika pia miezi hii na kwa kawaida huota tena.

Uchovu unaokuja mara baada ya kula ni wa aina nyingine. Soda, juisi au chai yenye sukari nyingi hushuka kwa kasi kwenye utumbo, na katika nusu saa moyo unadunda, jasho linatoka, mwili unalegea. Wengine sukari ya damu huwashuka saa 1 hadi 3 baada ya mlo. Hivyo ile soda ya kupata nguvu ndiyo inayoiondoa.

Miezi sita na kuendelea

Uchovu unaoanza mtu akiwa ameshazoea hali yake, amerudi shambani au dukani, uelekezwe kwenye vipimo vya damu. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzo wa utumbo mdogo, sehemu iliyorukwa katika upasuaji wa aina ya pili, na huhitaji asidi ya tumbo ambayo imepungua katika aina zote mbili. Mwanamke anayepata hedhi huathirika zaidi. Vitamini B12 ina akiba kubwa kwenye ini, ndiyo maana upungufu wake huweza kujificha miaka kadhaa kabla ya kujitokeza kwa ganzi miguuni na usahaulifu.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote. Vya chuma visimezwe na chai wala maziwa, na vitenganishwe na vya kalsiamu kwa saa mbili. Maumivu yakija, aepuke diklofenaki na aspirini isipokuwa daktari ameagiza, kwa sababu huweza kuleta vidonda na kuvuja damu taratibu, nako ni chanzo kingine cha uchovu. Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba.

Limebaki la majirani. Katika nchi iliyoishi na Ukimwi kwa miongo minne, mtu akikonda ghafla watu hunong’ona. Baadhi ya wagonjwa hujifungia ndani, huacha kutembea, huacha hata kwenda kliniki wasionekane, na huzuni nayo hulegeza mwili. Familia ikubaliane mapema nani aambiwe nini. Jibu fupi kwamba “nilitibiwa uzito na daktari anajua” latosha.

Kwa hiyo mgonjwa aweke daftari: tarehe ya upasuaji, uzito wa kila wiki, alichokula, alichotapika, dawa alizomeza, na siku uchovu ulipoanza. Apimwe damu miezi 3, 6 na 12 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka, hata akijiona mzima. Daktari wa Arusha ambaye hakuwepo Mloganzila ataanzia kwenye daftari hilo.

Wiki ijayo: kwa nini baadhi ya watu hurudisha uzito baada ya miaka miwili, na kinachoweza kufanyika.

Itaendelea.