Kuhamisha Mipaka ya Diski Bila Kupoteza Amana

Kompyuta imeingia katika majumba yetu kama ilivyoingia redio zamani. Hapa Uyole, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na ile ya Tukuyu na Kyela, si ajabu siku hizi kompyuta moja kutumiwa na watu wa nyumba nzima. Baba huandika ndani yake hesabu za viazi na mahindi, na madeni ya watu; mama huhifadhi picha za arusi na za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki; na vijana huweka masomo yao. Vitu hivi vyote ni amana, na mwenye amana hana budi kuilinda.

Basi huja siku kompyuta ikasema kwamba sehemu iitwayo C imejaa, na hali sehemu ya pili, D, i karibu tupu. Hapo wapo watakaomshauri mtu afute kila kitu aanze upya. Shauri hilo ni jepesi kwa mtoaji, lakini ni zito kwa mwenye mali. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwamba nafasi yaweza kugawanywa upya pasipo kupoteza hata barua moja, maadam kazi ifanywe kwa utaratibu.

MPAKA NI NINI?

Diski ya kwanza ya kompyuta, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilichukua herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuijaza. Kwa kompyuta ndogo za IBM, desturi ya kugawanya diski moja katika sehemu mbalimbali ilianza mwaka 1983.

Yafaa ijulikane kwamba hapana ukuta wowote ndani ya diski kati ya C na D. Mpaka ni maandishi tu. Iko daftari ndogo isemayo: sehemu hii yaanza hapa, yaishia pale. Daftari ya mtindo wa zamani, iitwayo MBR, huandika sehemu kuu 4 tu, wala katika diski za kawaida haifiki mbali kuliko terabaiti 2. Ya mtindo mpya, GPT, huruhusu sehemu 128 katika Windows, na huweka nakala yake ya pili mwisho wa diski. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na diski ndivyo ilivyo. Daftari ikiharibika, mafaili yangaliko, lakini kompyuta haijui yaliko.

Tena kila sehemu inayo daftari yake ya ndani, isemayo kila faili limewekwa wapi. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima. Mkulima wa Uyole atakaye kumpa nduguye kipande cha shamba, kwanza huvuna viazi vilivyomo katika kipande kile, kisha ndipo ang'oe alama ya mpaka. Akianza na alama, viazi vimekwenda. Kadhalika sehemu ya diski: ikipunguzwa, kwanza mafaili husogezwa na daftari ya ndani kurekebishwa, ndipo mpaka wa nje uhamishwe. Ikiongezwa, ni kinyume: mpaka kwanza, daftari ya ndani baadaye. Programu njema hufuata taratibu hizi zenyewe. Lakini ajuaye maana yake hatashawishika kukatiza kazi katikati.

JE, KUNA HAJA?

Kabla ya kugusa mpaka, na itazamwe kwanza kama haja ipo. Mara nyingi C imejaa video, picha na vitu vilivyopakuliwa katika intaneti. Vihamishwe kwenda D, kapu la taka limwagwe, na huenda shida ikaisha siku ile ile. Haifai kubomoa nyumba kwa sababu ya sebule iliyojaa vyombo.

MATAYARISHO

Ikiwa haja ipo, mambo manne hayana budi kutangulia.

La kwanza ni nakala. Mafaili yote ya thamani yanakiliwe katika diski ya nje, na yale yasiyopatikana tena, kama picha za marehemu, wasia na hati za madeni, yawe na nakala ya pili mahali pengine. Kisha nakala zifunguliwe zionekane kwa macho. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

La pili ni afya ya diski. Katika Windows iko amri ya chkdsk inayokagua makosa. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugongagonga au mafaili yanakataa kufunguka, kazi ya mipaka isianzwe kamwe. Okoeni mafaili kwanza.

La tatu ni umeme. Nyanda zetu za juu zina radi na mvua nyingi tangu Novemba hata Aprili, na umeme ukikatika katikati ya kazi, hasara yaweza kuwa kubwa. Kompyuta ya mkononi ijazwe betri, na juu ya hayo iwe imechomekwa. Ile ya mezani iwe na kifaa cha akiba ya umeme.

La nne ni ufunguo. Kompyuta nyingi za Windows hufungwa kwa BitLocker, na ufunguo wake wa kuokolea una tarakimu 48. Uandikeni katika karatasi kabla ya kuanza. Ukikosekana, mwenye nyumba huenda akafungiwa nje ya mali yake mwenyewe.

NJIA MBILI

Tuchukue mfano wa diski ya gigabaiti 500: C ina 100, na D ina 400, ambazo 150 tu ndizo zilizotumika. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, chombo kiitwacho Disk Management chaweza kupunguza na kuongeza sehemu. Lakini wengi hukwama hapa: nafasi iliyopunguzwa kutoka D hutokea mwisho wa D, na hali C huongezwa tu kwa nafasi inayoifuatia papo hapo. Ni kama shamba lililo ng'ambo ya shamba la jirani; huwezi kuliunganisha na lako.

Njia ya kwanza ni kunakili vyote vilivyomo D, kuifuta D, kuiongeza C, kisha kuumba D mpya katika nafasi iliyobaki na kuyarudisha mafaili. Katika diski za MBR huenda D imo ndani ya sehemu nyingine iliyo kama ua. Ua huo nao hufutwa ukiwa mtupu. Programu zilizowekwa D zitahitaji kuwekwa upya. Na kwa kuwa D ikiisha kufutwa nakala ndiyo mali yenyewe, iwe mbili, si moja.

Njia ya pili ni programu ya bure iitwayo GParted, iliyopo tangu mwaka 2004, ambayo huwashwa kutoka katika flashi. Hiyo hupunguza D, huisogeza mbele, kisha huiongeza C. Kabla yake Windows izimwe kabisa, si kulazwa. Kuisogeza D ni kunakili gigabaiti kwa gigabaiti, na kwaweza kuchukua saa nyingi. Kukikatizwa, D yaweza kuharibika.

Sisi twaipendelea njia ya kwanza. Nakala ni lazima katika njia zote mbili, basi mwenye nakala mbili zilizojaribiwa hana sababu ya kuingia katika hatari ya saa nyingi. Na ikiwa kati ya C na D pana sehemu ndogo ya kuokolea Windows, isifutwe kwa pupa. Hapo aitwe mjuzi.

IKIHARIBIKA

Likitokea la kutokea, jambo la kwanza ni kuacha. Asiandike mtu chochote katika diski ile, wala asikubali kompyuta inapomwomba kuisafisha. Iko programu ya bure iitwayo TestDisk, iwezayo kutafuta mipaka iliyopotea na kuiandika upya. Lakini diski za kisasa za SSD mara nyingi hufuta kabisa kilichofutwa, tena kwa haraka. Basi msiutegemee uokozi, tegemeeni nakala.

Enyi vijana, ninyi ndio mnaoitwa mafundi wa nyumba. Mzazi anapowapeni kompyuta mkononi, amewapeni kumbukumbu za jamaa nzima. Haraka haraka haina baraka. Ulizeni kwanza, nakilini kwanza, ndipo mhamishe mpaka. Wabillahi taufiki.